Namna ya Kujenga Birika la Maji ya Mvua Ardhini Jijini Dar es Salaam kwa Kanuni za Mafundi wa Uajemi

Mji wa Yazd, ulio katikati ya nyanda za jangwa nchini Iran, hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Hata hivyo, watu wa Yazd wa zamani waliteka maji ya baridi katikati ya kiangazi kikali, ilhali mkazi wa Goba au Kimara, ambaye mwezi wa Aprili paa la nyumba yake limemwaga maelfu ya lita mtaroni, ifikapo Septemba anapanga madumu uani akisubiri boza. Mvua anayo, anachokosa ni mahali pa kuiweka.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga birika la ardhini la lita 10,000 hivi, linaloweza kutosheleza maji ya kunywa na ya jikoni ya familia moja kwa kiangazi kizima, kwa kufuata kanuni ambazo Waajemi walizitumia katika maghala yao ya maji. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba anayetaka kumwelekeza fundi na kumsimamia kwa kuelewa. Hauchukui nafasi ya mhandisi, kwa sababu shimo la mita mbili na zaidi katika kiwanja chenye nyumba si jambo la kubahatisha, na kabla ya jembe la kwanza kupigwa inafaa kuulizia vibali katika ofisi ya ujenzi ya manispaa.

Ghala la maji la Kiajemi lilivyofanya kazi

Katika miji ya pembezoni mwa jangwa, kama vile Yazd, Meybod na Kashan, maji yalitoka milimani kwa njia ya kanati, yaani mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana, ukayaleta maji hadi mjini na mashambani kwa uzito wake yenyewe bila pampu wala mnyama wa kuvuta. Kanati ya Zarch, inayopita chini ya Yazd, ina urefu wa zaidi ya kilomita 70, na mwaka 2016 UNESCO iliingiza kanati 11 za Iran katika orodha ya urithi wa dunia. Mji wa Yazd wenyewe ukafuata mwaka 2017. Lakini kanati hutiririka usiku na mchana, mtu awe anayahitaji maji au hayahitaji, na mtiririko wake uligawanywa kwa zamu kati ya mashamba, bustani na mitaa, kwa hiyo kila mtaa ulilazimika kuwa na mahali pa kuhifadhia fungu lake. Mahali hapo ndipo palipoitwa abanbari. Mara nyingi lilikuwa jengo la waqfu, sawa na kisima ambacho mfadhili wa hapa kwetu humchimbia Mungu msikitini na kuacha koki nje ya ukuta ili majirani wateke.

Abanbari lilikuwa na sehemu nne. Kwanza ni birika lenyewe, la mviringo au la mstatili, lililozama ardhini. Pili ni kuba la matofali lililolifunika. Tatu ni ngazi ndefu iliyoshuka kando ya birika hadi kwenye bomba la kutekea, ambalo liliwekwa karibu na sakafu lakini juu yake kidogo, ili tope lililotuama libaki chini bila kuguswa. Nne, katika abanbari nyingi ingawa si zote, ni badgiri, yaani minara ya kunasia upepo.

Kila sehemu ilikuwa na sababu yake. Birika lililojaa husukuma kuta zake kwa nguvu, na nguvu hiyo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka; kwa kulizamisha, fundi aliifanya ardhi yenyewe iwe egemeo la ukuta kutoka nje. Ardhi hiyohiyo iliyakinga maji na joto la mchana. Umbo la mviringo liligawanya msukumo sawasawa pande zote na halikuacha pembe za kukusanya uchafu. Giza lilizuia majani ya kijani ya majini yasiote, kwa kuwa hayo hayaishi bila mwanga. Kuba lilifaa mahali ambapo miti mirefu ya kuezekea ni haba, kwa sababu matofali yake hubanana na kujibeba bila boriti. Kuhusu lipu, walitumia mchanganyiko unaoitwa sarooj, wenye udongo, chokaa, mchanga na majivu, na mara nyingine manyoya ya mbuzi na ute wa yai, ambao ukishakauka haupitishi maji. Mwenye kutamani kuujaribu ute wa yai na aujaribu kwenye ukuta wa bustani.

Ipo pia kanuni isiyoonekana kwa macho, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: birika lilijazwa kwa wakati maalumu. Walingoja majira ya baridi, na mara nyingi usiku, wakati maji ya mfereji yalipokuwa ya baridi na safi zaidi, wakalijaza, wakalifunga, wakayaacha maji yatulie kabla ya kuanza kuyatumia.

Jambo la kuacha: mnara wa upepo

Anayetazama picha za Yazd huvutiwa kwanza na minara. Ule wa bustani ya Dolatabad una urefu wa takriban mita 33, ingawa kazi yake ni kupoza jumba la bustani, na ipo abanbari mashuhuri mjini humo yenye minara sita. Mnara unaolihudumia birika hunasa upepo juu, huushusha hadi kwenye uso wa maji na kuutoa upande wa pili. Maji kidogo hugeuka mvuke, mvuke huo huondoka na joto, na maji yaliyobaki hupoa. Mbinu hiyo hutegemea hewa kavu. Hewa ya Dar es Salaam, kama ajuavyo kila aliyeanika kanga mwezi wa Aprili, imekwisha kushiba unyevu, hivyo maji hayageuki mvuke kwa kasi ya kuyapoza kwa kiasi cha maana. Mnara wa matofali kwenye birika la Tabata utagharimu fedha nyingi, utaleta vumbi na mbu, na utawapa kunguru mahali pa kutua. Kinachohitajika hapa ni sehemu ndogo tu ya kazi ya badgiri, yaani kubadilisha hewa ndani ya birika ili isivunde, na kwa hilo mabomba mawili yanatosha, kama itakavyoelezwa mbele.

Kuchagua mahali

Hapa ndipo jangwa na pwani vinapotofautiana zaidi, na ndipo mwenye nyumba anapopaswa kuwa mgumu hata fundi akimhimiza. Ardhi ya Yazd ni kavu hadi chini sana. Ardhi ya sehemu nyingi za Dar es Salaam huwa na maji yake yenyewe wakati wa masika, na maeneo ya chini kama Jangwani na mabondeni mwa Mto Msimbazi, au viwanja vya karibu na bahari kule Msasani na Mikocheni, yanaweza kuwa na maji mita chache tu chini ya miguu. Birika tupu lililozamishwa katika ardhi iliyojaa maji husukumwa kwenda juu, likapasuka sakafu au likanyanyuka zima. Na hata lisiponyanyuka, ufa mdogo utapitisha maji ya nje, yaliyochanganyika na ya vyoo, kuingia ndani.

Kipimo chake ni rahisi. Mwishoni mwa Mei, baada ya mvua kubwa, chimba shimo jembamba la mita tatu mahali unapokusudia kujenga, lifunike, kisha ulitazame kesho yake. Likiwa na maji, achana na mpango wa kuzamisha na ujenge birika la juu ya ardhi chini ya kivuli. Kanuni nyingine zote za mwongozo huu zitaendelea kukufaa. Likiwa kavu, kama inavyotokea mara nyingi kwenye miinuko ya Kimara, Mbezi na Pugu, endelea.

Birika likae upande wa juu wa mteremko kuliko shimo la choo, na umbali usipungue mita 15. Viwanja vyetu vingi ni vidogo na umbali huo haupatikani. Asiyeupata asijidanganye kwamba saruji nzito itamwokoa, kwani saruji hupata nyufa. Birika likae pia mbali na msingi wa nyumba kwa kiasi kisichopungua kina cha shimo, na mbali na miembe, mikungu na mifenesi, ambayo mizizi yake hufuata unyevu.

Kukadiria ukubwa

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya saruji, ilhali swali la kwanza ni lita ngapi zinahitajika na lita ngapi zinapatikana. Chukua familia ya watu watano inayotumia lita 60 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuosha vyombo, huku maji ya kufulia na ya chooni yakitoka kwingine. Tangu mwanzo wa Juni hadi vuli inapoanza katikati ya Oktoba ni siku 130 na ushei, kwa hiyo zinahitajika lita 8,200 hivi. Ongeza lita 1,000 za chini kabisa ambazo hazitatekwa kwa sababu ya tope, na akiba kidogo, utafika lita 10,000.

Upande wa mapato, kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 200 ikinyesha, hupokea lita 16,000. Ukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka nje ya mfereji na yale ya kwanza yanayomwagwa, zinabaki lita 12,800. Aprili ya kawaida jijini hufikisha milimita hizo, maana yake mwezi mmoja unatosha kulijaza birika zima.

Birika la mviringo lenye upana wa ndani wa mita 2.5 lina eneo la sakafu la mita za mraba 4.9, na maji yakisimama kwa kina cha mita 2.1 yatakuwa lita 10,300 hivi.

Kuchimba na kujenga

Chimba mwezi wa Julai au Agosti. Shimo liwe na upana wa mita 3 na kina cha mita 2.2, na kwa kuwa udongo wa sehemu nyingi za jiji ni wa kichanga, kingo zishikiliwe kwa mbao na mirunda tangu fundi anapofika kina cha kiuno. Shimo la mchanga huporomoka bila kuonya. Udongo uliochimbwa utupwe mbali na ukingo.

Sakafu iwe zege la unene wa sentimita 15 lenye wavu wa nondo, iliyoinama kidogo kuelekea kishimo cha ukubwa wa sufuria upande mmoja, ambamo tope litakusanyika na kutolewa siku ya usafi. Kuta zijengwe kwa matofali ya zege yasiyo na matundu, kwa duara linalopimwa kwa kamba iliyofungwa kwenye chuma kilichosimikwa katikati, na kila baada ya kozi mbili ilazwe nondo ya mviringo ya unene atakaoupanga mhandisi. Ukuta uendelee kupanda hadi sentimita 30 juu ya uso wa ardhi, ili maji ya mafuriko ya uani yasipate kuingia. Nafasi inayobaki kati ya ukuta na udongo ijazwe na kushindiliwa kidogo kidogo kuzunguka pande zote kwa usawa, kwa sababu egemeo lile walilolitegemea Waajemi halipatikani kwa udongo uliorushiwa tu shimoni.

Lipu ya ndani ndiyo roho ya kazi, na ndipo mafundi wengi hupenda kuharakisha. Ipigwe katika tabaka tatu nyembamba, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa (mchanga wa baharini una chumvi na haufai kabisa), pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pale ukuta unapokutana na sakafu pasiwe na pembe. Pajazwe lipu ya mviringo, kwa kuwa nyufa nyingi za mabirika huanzia hapo. Mwisho ipakwe niru ya saruji tupu na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Kisha birika lifunikwe na kumwagiliwa kila siku kwa wiki mbili. Majengo ya chokaa ya pwani yetu, kama hamamu za Kidichi kule Unguja zilizojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke Mwajemi wa Seyyid Said, yangali yamesimama, na lipu ya chokaa nayo huhitaji muda wa kukomaa.

Paa la birika lingeweza kuwa kuba, na fundi anayejua kulijenga akipatikana ni kazi nzuri na isiyohitaji nondo nyingi. Hapatikani kwa urahisi, kwa hiyo nashauri jamvi la zege lenye nondo. Acha mlango wa sentimita 60 kwa 60, wenye kingo zilizoinuka na mfuniko mzito unaofungwa kwa kufuli, kwa sababu watoto hucheza uani.

Mabomba ya hewa ni mawili, ya inchi 4, yaliyo pande mbili zinazotazamana: moja fupi la nusu mita, jingine refu la mita mbili. Yakipangwa kwa mstari wa kusini-mashariki na kaskazini-magharibi, upepo wa kusi utayahudumia kwa miezi yote ya kiangazi. Midomo yote igeuzwe kutazama chini kwa viwiko, ili mwanga usiingie, na ifungwe wavu laini wa mbu usioshika kutu. Wavu huu ukaguliwe kila mwezi. Homa ya dengi, iliyolipuka jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huenezwa na mbu anayetaga kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba, na birika lenye tundu wazi ni kituo chake kikubwa.

Kabla ya kulitegemea, lijaribu. Lijaze, liache siku mbili lipu inywe maji, kisha tia alama usawa wa maji na usome tena baada ya siku moja. Likipungua kwa zaidi ya milimita chache, linavuja. Maji haya ya kwanza yatakuwa makali kwa saruji mpya. Yatumie kwa ujenzi au kuoshea ua.

Kukinga mvua

Mabati yaliyo safi yanafaa, ila paa la Dar es Salaam halikai safi. Kunguru huangusha mifupa na mizoga ya panya, popo huacha kinyesi, na vumbi la barabara hutanda kwa miezi. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kila mvua yasiingie birikani. Kwa paa la mita za mraba 80, milimita mbili za mwanzo ni lita 160, na pipa la lita 200 linatosha kuzinasa: bomba kutoka kwenye mfereji wa bati lipite kwanza juu ya pipa, pipa lijae, mpira unaoelea uzibe mdomo wake, ndipo maji yanayofuata yaendelee kwenda birikani kupitia chujio la wavu. Chini ya pipa iwekwe koki inayoachwa ikidondoka kidogo kidogo, ili pipa liwe tupu tena kabla ya mvua ya kesho. Wengine hutumia kipande cha bomba la inchi 4 kilichosimamishwa ukutani badala ya pipa, lakini mita moja ya bomba hilo hubeba lita 8 tu, na hizo hazioshi hata upande mmoja wa paa.

Bomba linaloingia birikani lishuke hadi karibu na sakafu na liishie kwa kiwiko kinachotazama juu, ili maji yaingie taratibu bila kutibua tope. Bomba la kumwagia ziada litobolewe kwenye usawa wa mita 2.1 kutoka sakafuni, liongozwe mtaroni, na liwe na wavu kama mabomba ya hewa.

Kuhusu majira, fuata desturi ya Yazd ya kuchagua wakati. Manyunyu ya mwanzo wa vuli huosha uchafu wa kiangazi kizima. Yaache yapite, hata kama birika li tupu na moyo unauma. Maji ya kutunza kwa ajili ya kiangazi ni yale ya Aprili na Mei, paa likiwa limekwisha kuoshwa na mvua za Machi. Mvua ya masika ikikatika, tenganisha bomba la kuingizia, ziba mdomo, na uyaache maji yatulie kwa wiki moja.

Kuteka na kusafisha

Kujenga ngazi ya kushuka hadi kwenye koki ya chini, kama walivyofanya Waajemi, huhitaji shimo la pili kubwa kuliko la kwanza. Pampu ya mkono inatosha, na mpira wake wa kuvutia ufungwe kwenye boya ili uteke sentimita 30 chini ya uso wa maji, mbali na tope na mbali na vumbi linaloelea. Wasiokuwa na boya wauweke mdomo wa mpira sentimita 20 juu ya sakafu. Ndoo na kamba visiingie kabisa, kwa maana ndoo iliyowekwa chini uani huingia na kila kilichokuwa uani. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kifungashio. Waajemi walitupia chumvi na chokaa birikani, lakini leo tunazo njia za uhakika zaidi.

Usafi hufanyika mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Februari, maji yakiwa machache. Fungua mfuniko tangu asubuhi, teka yaliyobaki, na asiingie mtu mpaka hewa ibadilike vya kutosha. Anayeingia afungwe kamba, na mwenzake abaki juu akimtazama muda wote. Pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni mwa birika, kwa kuwa moshi wake huua haraka katika mahali palipofungika. Tope lisukumwe kwenye kile kishimo cha sakafuni na kutolewa kwa ndoo, kuta zisuguliwe kwa brashi na maji ya klorini bila sabuni, kisha zisuuzwe mara mbili. Nyufa zitakazoonekana zichongwe, zijazwe lipu ya saruji na kukaa na unyevu kwa wiki moja, na bomba la kuingizia lirudishwe baada ya mvua za mwanzo za Machi kuliosha paa.